Mashine ikisema una TB, umsikilize nani?

[Muziki wa kipindi unaingia, kisha unapungua polepole.]

MTANGAZAJI: Uko Nakivale, uko Kyangwali, uko Kyaka, Rwamwanja au Bidibidi, au uko hapa Kampala pamoja nasi kwenye vyumba vya kupanga vya Katwe na Nsambya, karibu kwenye kipindi chetu cha afya. Sogeza redio karibu. Kama jirani hana redio, mwite.

Wanaonisikia mara ya kwanza wajue tu kwamba mimi si daktari. Ni mkimbizi kama wewe, nilimaliza sekondari hapa Uganda, na kazi yangu ni kuuliza wanaojua na kusoma walichoandika, kisha nikuletee kwa lugha yetu.

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa sauti kwenye simu ya kipindi. Umetoka kwa mama mmoja anayeishi kwenye makazi. Sitataja jina lake wala mahali anapoishi. Nimemwomba ruhusa niwasimulie, naye amekubali.

Mama anasema mume wake amekohoa kwa wiki tano sasa. Usiku anatoka jasho mpaka shuka inalowa. Suruali zimemlegea. Siku moja likaja gari lenye mashine ya eksirei, watu wakaitwa wapimwe kifua bure. Mume akaenda. Kijana mmoja akampiga picha ya kifua, na baada ya dakika chache kompyuta ikatoa nambari: 68. Kijana akamwambia, “Baba, mashine imeona kitu. Tunahitaji makohozi yako.” Akampa kikopo.

Mume akauliza, “Daktari yuko wapi?” Akajibiwa kwamba daktari hayupo, kompyuta ndiyo iliyosoma picha. Basi mzee akakiweka kikopo chini, akaondoka. Alipofika nyumbani alisema hivi, nami narudia kama mama alivyoniambia: “Nimekimbia vita, nimepanga foleni miaka yote hii. Leo hata ugonjwa wangu unaandikwa na kompyuta? Nisubirini nimwone daktari.”

Hiyo ilikuwa siku kumi na moja zilizopita, na bado anakohoa. Wanalala chumba kimoja, yeye, mama, na watoto watatu. Mdogo ana miaka mitatu.

Mama anamaliza kwa kuniuliza: “Dada, niambie ukweli nimwambie mume wangu. Hiyo mashine inajua kuliko daktari, au haijui?”

Mama, nimelifanyia kazi swali lako wiki nzima. Jibu lake linahitaji hatua kadhaa, kwa hiyo nipe muda.

[Muziki mfupi.]

Tuanze na mfano tunaoufahamu sisi wa Kampala. Ukishuka Katwe, pale kwenye mafundi, utakuta mtu anayetengeneza radieta za magari na hatengenezi kitu kingine. Mletee breki, atakuelekeza kwa mwenzake. Lakini kwenye radieta, hata injinia mwenye digrii anamletea yeye, kwa sababu ameziba matundu ya radieta elfu kwa elfu. Anajua kitu kimoja, na anakijua hasa.

Akili bandia ya hospitali, ninayoizungumzia leo, ni fundi wa namna hiyo. Akili bandia ni programu ya kompyuta iliyofundishwa kwa mifano mingi mpaka ikaweza kutambua kitu. Ile iliyosoma picha ya mume wako ilionyeshwa picha nyingi sana za vifua, nyingine za wagonjwa wa TB na nyingine za watu wasio nayo, mpaka ikajua kutofautisha. Haijui malaria. Haijui mimba. Haijui kwamba mume wako amekonda. Inajua kivuli cha TB kwenye picha ya kifua, basi.

Sasa, kwa kitu hicho kimoja, inamshinda daktari? Jambo hili limepimwa. Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh, watafiti walichukua picha za vifua za watu 23,954. Kila mmoja wao alikuwa pia amepimwa makohozi kwa mashine ya GeneXpert, kwa hiyo jibu lilijulikana. Picha hizo zikasomwa na madaktari watatu wa eksirei wa nchi hiyohiyo, na zikasomwa na programu tano tofauti za akili bandia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Programu zote tano ziliwashinda madaktari wale.

Na mwaka huohuo wa 2021, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwongozo unaoruhusu programu za aina hii zisome picha za kifua badala ya binadamu, pale watu wanapochujwa ili kujua nani apimwe zaidi TB. Kwa hiyo, mama, mwambie mzee hivi: kijana yule wa kwenye gari hakufanya ujanja, na hakumpa kipimo cha hali ya chini kwa sababu ni mkimbizi. Ni njia inayokubalika duniani.

Wala si jambo la jana. Mwaka 1979, kabla wengi wetu hatujazaliwa, chuo kikuu cha Stanford huko Marekani kilikuwa na programu iliyoitwa MYCIN. Kazi yake ilikuwa kuchagua dawa za maambukizi makali ya bakteria. Walichukua wagonjwa kumi wenye homa ya uti wa mgongo, wakauliza programu ingewapa dawa gani, wakawauliza na madaktari. Kisha majaji wanane wakapima majibu bila kujua lipi ni la nani. Majibu ya programu yalikubaliwa kwa asilimia 65. Yale ya madaktari bingwa wa chuo yalikuwa kati ya asilimia 42.5 na 62.5. Lakini programu ile haikuwekwa kazini kutibu wagonjwa wa kila siku. Kushinda mtihani ni jambo moja, kumhudumia mgonjwa ni jambo jingine.

[Muziki mfupi.]

Turudi nyumbani Kampala. Hapa Chuo Kikuu cha Makerere kuna watafiti wa akili bandia ambao kwa miaka mingi wamehangaika na tatizo la hadubini. Unapopimwa malaria kwa tone la damu, mtu wa maabara anaweka kioo chini ya hadubini na kuanza kutafuta vijidudu. Anasogeza kioo, anaangalia, anasogeza tena. Kabla hajasema hakuna malaria, inabidi aangalie sehemu nyingi za kioo kile. Sasa fikiria foleni ya kituo cha afya msimu wa mvua. Macho yanachoka. Jicho likichoka, kijidudu kinapita.

Watafiti wa Makerere, akiwemo John Quinn na Rose Nakasi, walitengeneza kishikizo cha kufunga simu kwenye jicho la hadubini. Simu inapiga picha, programu inatafuta kijidudu. Mwaka 2016 walichapisha kazi yao kuhusu vitu vitatu: malaria kwenye damu, bakteria wa TB kwenye makohozi, na mayai ya minyoo kwenye choo. Programu ilifanya vizuri kwa vyote vitatu.

Lakini nataka usikie jambo moja ambalo mimi lilinigusa. Programu ile ilifundishwa na nani? Ilifundishwa na watu wa maabara. Wao ndio waliokaa wakaangalia picha moja baada ya nyingine, wakaweka alama: hapa kuna kijidudu, hapa hakuna. Basi tunaposema mashine inajua, tujue inajua kwa macho ya wataalamu waliotangulia. Mwalimu wake alikuwa binadamu. Na mwanafunzi akifundishwa nusu, atajua nusu.

Hapo ndipo penye hatari. Nitakupa mfano mwingine wa Kampala. Wahudumu wa afya wa hapa wanaotibu watu kwa simu walichukua picha 123 za magonjwa ya ngozi za wagonjwa wa Uganda. Wakazipitisha kwenye programu moja iliyotengenezwa Ulaya, iitwayo Skin Image Search. Programu hiyo ilikuwa imefundishwa zaidi kwa ngozi nyeupe, na huko ilisemekana inapata karibu asilimia 70. Hapa Uganda ilipata picha 21 kati ya 123. Hiyo ni asilimia 17. Ugonjwa uleule, ngozi nyeusi, na mashine ikapotea.

Mtu akikwambia “mashine inamshinda daktari”, muulize: kwa ugonjwa gani? Na ilifundishwa kwa watu gani? Watu kama mimi walikuwemo?

[Kimya kifupi.]

Mimi mwenyewe nimewahi kuanguka kwenye shimo hili. Mwaka juzi mdogo wangu alitokwa na vipele mikononi na kiunoni. Alikuwa anajikuna usiku kucha. Kwenda kituo cha afya kulihitaji nauli ya boda na siku nzima ya foleni, na mimi nina simu ya tachi, nikajiona mjanja. Nikapiga picha, nikaiweka kwenye programu fulani ya simu. Ikasema ni mzio. Nikanunua krimu dukani. Wiki ikapita, wiki ya pili, mtoto hana nafuu, na mama naye akaanza kujikuna.

Mwishowe tukaenda. Musawo, kama tunavyomwita mhudumu wa afya hapa Uganda, hakuangalia vipele kwanza. Aliuliza, “Nyumbani nani mwingine anajikuna?” Kisha akasema, “Anajikuna zaidi usiku?” Halafu akafungua vidole vya mtoto, akaangalia katikati. Akasema ni upele wa kuambukiza, ule wa vijidudu vinavyochimba ngozi. Nyumba nzima ikatibiwa siku moja, shuka na nguo zikafuliwa, tukapona.

Nililipia krimu ya bure, na familia nzima iliambukizwa, kwa sababu nilimpa mdogo wangu kwa picha. Picha haina nyumba. Picha haina mama anayejikuna pembeni. Swali lile moja la musawo lilikuwa na thamani kuliko simu yangu, na simu haikuweza kuliuliza kwa sababu mimi sikuipa chochote cha kuulizia.

[Muziki mfupi.]

Sasa, mama, nirudi kwa mzee wako. Mwishoni mwa ujumbe wako ulisema neno, kwa sauti ya chini, kama vile si muhimu. Ulisema, “Aliwahi kutibiwa TB kule kwetu Kongo, zamani kidogo. Hapendi watu wajue.”

Mama, hilo ni muhimu kuliko mengine yote uliyoniambia.

TB ya zamani huacha makovu kwenye mapafu. Kwenye eksirei, kovu linaweza kufanana na ugonjwa mpya. Katika utafiti uleule wa Dhaka, programu zilizowashinda madaktari zilifanya vibaya zaidi kwa watu waliowahi kuugua TB, na pia kwa wazee. Kwa hiyo mzee wako, bila kujua, ana hoja. Nambari 68 inaweza kuwa TB mpya, au inaweza kuwa kovu la zamani. Mashine haikujua kwamba aliwahi kutibiwa. Aliyejua ni yeye, naye hakusema.

Lakini sikiliza vizuri mwisho wa hoja hiyo. Kama mashine inaweza kukosea kwake, dawa yake si kukaa nyumbani. Dawa yake ni kile kikopo alichokiacha. Nambari ile si hukumu. Ni mtu anayebisha mlango na kusema, hapa pangaliwe. Makohozi ndiyo yanayopimwa kuona kama bakteria wenyewe wamo. GeneXpert hutoa jibu kwa muda usiozidi saa mbili hivi, na inaonyesha pia kama bakteria hao wanakataa dawa ya rifampisini, ambayo ni dawa kubwa ya TB. Kwa mtu aliyewahi kutibiwa, kujua hilo ni lazima.

Na hapo daktari anaingia. Kwa mtu aliyetibiwa zamani, hata GeneXpert wakati mwingine hunasa mabaki ya bakteria waliokwisha kufa. Ndiyo maana anahitajika mtu wa kuunganisha yote: picha inasema nini, makohozi yanasema nini, alitibiwa lini, alimaliza dawa au aliziacha njiani, amekonda kiasi gani, anatoka jasho. Hakuna programu ya eksirei inayofanya hesabu hiyo. Mzee alimtaka daktari. Ana haki. Lakini daktari naye, akifika, neno lake la kwanza litakuwa: “Makohozi yako wapi?”

Kuna jambo jingine kuhusu watoto. Ule mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unahusu watu wa miaka 15 na zaidi. Mtoto wako wa miaka mitatu usimpeleke kwenye gari lile ukitegemea nambari. Mpeleke kwa musawo. Mtoto wa chini ya miaka mitano anayelala chumba kimoja na mgonjwa wa TB yuko hatarini sana, na mara nyingi hata hakohoi makohozi ya kupimwa. Kama baba yake atathibitika ana TB, na mtoto akaonekana hana, kuna dawa ya kumkinga. Lakini yote hayo yanaanza na baba kukubali kupimwa. Kikopo kile ni cha watu watano.

Najua pia hofu ambayo mzee hakuitaja, lakini sisi tunaijua. Wengine mmefanya mahojiano ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Mnaogopa kwamba jina likiandikwa TB, safari imekufa. Nataka niseme ninalolijua. Kwa wanaokwenda Marekani, mtu mwenye TB ya kuambukiza hutakiwa atibiwe kabla ya kusafiri. Safari inasubiri. Na kabla ya safari utapigwa eksirei tu, upende usipende. Anayejificha leo atakutwa kesho akiwa ameumwa zaidi, na pengine watoto wakiwa wameambukizwa. TB inatibika. Matibabu ya kawaida ni miezi sita, na kwenye vituo vya serikali hapa Uganda dawa zake ni bure.

[Muziki mfupi.]

Wasikilizaji wengine, hili si la mama huyu peke yake. Mashine hizi zinakuja. Mwaka 2025 huko Nairobi, kwenye zahanati 15 za Penda Health, wahudumu walifanya kazi wakiwa na programu ya akili bandia inayowaonya pale wanapoelekea kukosea. Utafiti ulihusu ziara 39,849 za wagonjwa. Waliokuwa na msaidizi huyo walipunguza makosa ya kutambua ugonjwa kwa asilimia 16, na makosa ya tiba kwa asilimia 13. Angalia: mhudumu hakuondolewa. Alibaki kwenye kiti chake, anauliza, anagusa, anaamua. Mashine ilikuwa pembeni kama mwenzake asiyechoka.

Basi siku mashine ikikupima, uliza mambo manne, tena kwa adabu. La kwanza: mashine hii inatafuta ugonjwa gani? Ili ujue haijatafuta mengine. La pili: jibu lake litathibitishwa kwa kipimo gani? La tatu: nani nitaongea naye kuhusu jibu hilo, na lini? La nne: picha yangu itatunzwa wapi, na nani ataiona? Una haki ya kuuliza. Usipoelewa lugha, mwombe VHT wa kijiji chako au mkalimani akusaidie.

Na wewe pia una deni moja. Sema ukweli wako wote. Uliwahi kuugua? Sema. Uliacha dawa? Sema. Una mimba? Sema kabla ya eksirei. Mashine inaona kivuli, lakini historia yako umeibeba wewe.

Mama, uliniuliza kama mashine inajua kuliko daktari. Kusoma picha ya kifua ili kuona nani apimwe, ndiyo, inaweza kumshinda hata daktari wa eksirei. Kumjua mume wako, hapana, haijamjua kabisa.

Sasa naomba uongeze sauti ya redio, mama, kama mzee yuko karibu.

Baba, shikamoo. Mimi ni kama binti yako. Ulichosema kuhusu foleni na kompyuta, nimekielewa, na wengi wanaonisikia wamekielewa. Hukukosea kutaka mtu wa kuzungumza naye. Kwa hiyo kesho asubuhi, kabla ya chai, sukutua mdomo kwa maji. Nenda kituo cha afya. Mwambie musawo maneno matatu: nimekohoa wiki tano, mashine imeona kitu kwenye kifua, na niliwahi kutibiwa TB kule kwetu. Atakupa kikopo. Usitoe mate. Vuta pumzi ndefu, kohoa kutoka ndani ya kifua, mahali palipo wazi penye upepo, mbali na watu. Leo usiku, kama inawezekana, lala karibu na dirisha na uliache wazi, na ukikohoa ufunike mdomo kwa kitambaa.

Nenda na mama, na mdogo wa miaka mitatu aende pia.

Tukimaliza kipindi, simu yetu iko wazi. Baba, nitasubiri ujumbe wako.

[Muziki wa kipindi unapanda.]